Mzima Namba Ishirini na Saba

Kwa miezi minane nilivaa viatu vya kamba tu. Nilikuwa na jozi nyingine mbili nzuri, za kuchomeka mguu na kwenda zako, lakini nilizisukumia chini ya kitanda, kwa sababu kiatu kisicho na kamba hakimpi mtu sababu ya kuinama ghorofa ya pili.

Maabara yetu iko ghorofa ya tatu. Lifti ipo, ila ni ya wagonjwa wa machela na mitungi ya gesi, na mlangoni pake kuna tangazo nililoliandika mimi mwenyewe miaka tisa iliyopita, kwa herufi kubwa: WAFANYAKAZI WENYE AFYA WATUMIE NGAZI. Kila asubuhi nililipita tangazo langu kifua mbele. Ngazi za kwanza nilipanda kama bwana harusi. Za pili nilipanda kama baba yake bwana harusi. Nikifika pale zinapokunja kona, ghorofa ya pili, kitu kama ukanda kilijifunga polepole nyuma ya mfupa wa kifua, kikapanda hadi taya la kushoto, na hapo ndipo kamba yangu ya kiatu ilipofunguka. Haikuwahi kufunguka mahali pengine. Niliinama, nikaifungua kwanza ili nipate cha kufunga, nikaifunga, nikahesabu hadi arobaini, nikahamia mguu wa pili. Watu wakanipita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, marahaba. Kamba hizi, jamani!"

Ukanda ukalegea. Nikasimama, nikamalizia ngazi, nikaingia maabara nikipiga mluzi. Mluzi ulikuwa muhimu sana. Nani atamshuku mtu anayepiga mluzi?

Wenzangu kazini wananiita Vishimo. Hawajakosea. Miaka ishirini na sita ya maisha yangu imepita juu ya sahani ya plastiki yenye vishimo tisini na sita, kila kimoja hakizidi punje ya mahindi. Katika kila kishimo unadondosha maji ya damu ya mtu, ile sehemu ya manjano inayobaki juu mashine ikishaizungusha damu na chembe zake kuzama. Unatia dawa, unasuuza, unatia nyingine, unasubiri. Kishimo kinakuwa cha bluu. Ukidondosha asidi, bluu inageuka njano, na kadiri njano inavyokoza ndivyo kile unachokitafuta kilivyo kingi. Mashine inaisoma rangi na kukupa namba. Kila mtu anapewa vishimo viwili, ili kimoja kikidanganya kingine kikisute. Hiyo ndiyo kazi yangu. Ni kazi ya kutazama rangi za damu za watu wengine.

Miaka hii mitatu tulikuwa tunatafuta kemokini. Jina lisikutishe, mimi lilinitisha mwezi mzima kabla sijathubutu kulitamka mbele ya Daktari, mkuu wa utafiti wetu. Kemokini ni protini ndogo sana ambazo seli huziachia ili kuita seli nyingine. Ndani ya mshipa wa damu kuna utando laini, mwembamba kuliko kitu chochote ulichowahi kukishika. Presha ikiusugua, moshi wa sigara ukiuchoma, mafuta yakipenya chini yake, utando ule haukai kimya. Unaita. Hauna mdomo, kwa hiyo unaita kwa kemokini. Seli nyeupe zinazopita na damu, zikiwa na safari zake, zinausikia wito, zinapunguza mwendo, zinashika ukuta, zinapenya. Mpaka hapo hakuna ubaya. Zimekuja kusaidia.

Yanayofuata nilimweleza mke wangu jioni moja, nikiwa na kikombe changu cha chai, yeye akiwa kwenye cherehani. Ni fundi wa nguo. Sebule yetu ndiyo karakana yake, na ukitaka kukaa lazima kwanza uhamishe sketi ya mtu.

"Chukulia kuna moto mdogo jikoni," nikamwambia. "Unapiga kelele. Majirani wanakuja na ndoo."

"Hawa wa kwetu? Watakuja na simu wapige picha," akasema, pini zikiwa mdomoni.

"Majirani wema. Wanauzima moto, halafu wanakuta mafuta yamemwagika sakafuni. Wanaanza kuyala."

"Majirani gani hao!"

"Ni mfano, mama. Wanakula mpaka wanavimba, hawapiti tena mlangoni. Wanabaki humo humo ukutani, na wao sasa wanapiga kelele, wanaita wengine. Wengine wanakuja, wanakula, wanavimba. Ukuta unafura, njia ya damu inabana. Siku moja ukuta unapasuka, damu inaganda pale pale, njia inaziba, moyo unakosa damu. Imekwisha."

Nilinywa chai yangu kwa madaha. Yeye alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake.

"Na nani anawaambia waende kwao?"

"Akina nani?"

"Hao wageni. Umenieleza anayewaita. Anayewaaga ni nani?"

Kesho yake nililipeleka swali lile kwa Daktari, binti mwenye umri wa kuwa mwanangu na kichwa cha kuwa mwalimu wangu. Aliliandika kwenye karatasi, akasema, "Mzee, muulize mama kama anatafuta kazi." Kumbe ndilo swali linalowatoa jasho wataalamu wenyewe.

Lakini jioni ile mke wangu hakuishia hapo.

"Na hizi kamba za viatu, hebu nieleze. Nimekuwekea mpya mwezi uliopita. Mbona zimekuwa hivi? Unazitafuna?"

"Kamba za siku hizi hazina nguvu."

"Mimi ni fundi. Uzi unachakaa pale unaposhikwashikwa. Hizi zimeshikwa."

Nikamhutubia juu ya viwanda vya siku hizi na tamaa ya wenye navyo. Alinitazama juu ya miwani mpaka hotuba ikaniishia, halafu akakanyaga cherehani yake, akaendelea na mshono.

Sasa nifike kwenye aibu yenyewe.

Utafiti wetu ulikuwa na makundi mawili, watu arobaini wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo na watu arobaini wazima wa kulinganisha nao, umri kwa umri. Wagonjwa walipatikana haraka. Wazima wa zaidi ya miaka hamsini, wanaokubali kuchomwa sindano bila kupata chochote, ni wa kutafuta kwa tochi. Mmoja wao alihama mji, na Sista, muuguzi anayesimamia orodha, akawa anapita vyumbani akiuliza nani anamjua mtu. Mimi nikainua mkono.

"Vishimo, una uhakika?"

"Sista, si unaniona?"

Akaniangalia. Nikabana tumbo.

Kwa utaratibu, Sista ndiye anayeuliza maswali ya fomu, anapima presha, anamlaza mtu kitandani kwa kipimo cha umeme wa moyo. Lakini siku hiyo foleni ya wagonjwa ilifika hadi nje, nami nikamwambia, "Wewe shughulika nao. Fomu hii naijua, mimi ndiye ninayeitoa nakala." Akanipa. Kwa hiyo mahojiano yalifanyika kati ya mimi na mimi, na tulielewana vizuri sana. Je, unapata maumivu ya kifua? Hapana, ukanda si maumivu. Je, hulazimika kupumzika upandapo ngazi? Hapana, kufunga kamba si kupumzika. Wakati huo kamba zilikuwa zimekwisha kufunguka kwa miezi miwili. Kwenye presha nilikumbuka niliyopimwa mwaka juzi, nikaipunguza kidogo, kwa sababu siku ile ya mwaka juzi nilikuwa nimekasirika. Kwenye umeme wa moyo niliandika "uko sawa," nikimaanisha sijawahi kusikia ukilalamika. Sista akatia sahihi chini kwa kuniamini. Sindano zote nilizochomwa tangu siku ile hazijaniuma kama sahihi ile.

Damu ilitolewa mara tatu, kila baada ya miezi mitatu. Chupa za wazima zina kifuniko cha kijani na namba tupu. Kitabu cha majina kimefungiwa kwenye kabati la Sista, ili sisi tunaopima tusiwe na upendeleo. Maana yake nilikuwa naipima damu yangu mwenyewe bila kujua ni ipi.

Sikujua, lakini nilijichagulia. Kulikuwa na namba kumi na moja. Maji yake yalikuwa masafi, njano yake hafifu kama chai ya mgonjwa, kemokini zake chache kuliko za mtu yeyote katika utafiti mzima. Mwili uliotulia. Ukuta usio na ugomvi na mtu. Huyu ndiye mimi, nilijiambia, na sikujiuliza mara mbili. Chupa ya kumi na moja niliishika kwa adabu. Siku moja nilijikuta naifuta vumbi.

Na kulikuwa na namba ishirini na saba. Huyo nilimchukia tangu sahani ya kwanza. Wazima wote walitulia kwenye njano ya kawaida, yeye vishimo vyake viwili vimeiva kama kiini cha yai. Mara ya kwanza niliulaumu mkono wangu, nikarudia. Ikawa vilevile. Mara ya pili, baada ya miezi mitatu, alikuwa amepanda zaidi. Mara ya tatu aliwapita hata baadhi ya wagonjwa, nikamwita fundi wa mashine.

Fundi wetu ni mtu mfupi, mnene kiasi, mwenye mfuko wa vifaa anaoubeba begani kama mtoto. Alifika akihema, akaufungua mtambo, akaupuliza, akaukagua, akaufunga.

"Mzee, mashine ni nzima."

"Haiwezekani. Tazama ishirini na saba."

"Mashine inamjua ishirini na saba? Yenyewe inaona njano tu."

"Labda taa yake imechoka."

"Taa nimebadilisha juzi, ukiwepo."

"Labda umeme."

"Mzee Vishimo," akasema, akijifuta jasho la shingo, "vishimo vyote hivi vinaelewana na umeme, viwili tu vya bwana huyu ndivyo vinagoma. Ungekuwa wewe, ungemshika nani?"

Nikafikiri. "Basi huyu mtu amedanganya kwenye fomu."

"Watu wazima wengine hawana haya," akasema fundi, akibeba mfuko wake.

"Hawana kabisa," nikasema mimi.

Utaratibu wa maabara unasema mzima akizidi kiwango mara tatu, mpimaji aandike barua kwa Sista ili mwenye damu aitwe. Nimeandika barua nyingi kazini, lakini ile niliiandika kwa moyo. Ninayo mpaka leo. Inasema hivi: "Mshiriki namba 27 wa kundi la wazima amekutwa na kemokini nyingi mara tatu mfululizo. Mashine imekaguliwa. Mpimaji hana kosa. Inaonekana mshiriki huyu hakuwa mkweli alipojaza fomu. Naomba aitwe haraka, apimwe moyo, na aelezwe bila kubembelezwa kwamba afya si jambo la kujidai. Watu wa aina hii ndio wanaoharibu utafiti, kisha wanaanguka njiani na kuwasumbua wenye kazi zao."

Niliisoma mara tatu. Ilinipendeza. Nikapiga mistari miwili chini ya "bila kubembelezwa," nikaipeleka.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, viatu mguuni, mke wangu akaja na sindano na uzi mweusi wa jinzi. Alipiga magoti, akazifunga kamba zangu mafundo mazuri, akaanza kuyashona.

"Unafanya nini?"

"Si zinafunguka? Leo hazitafunguka." Akaukata uzi kwa meno. "Jioni nitakufungulia mwenyewe."

Nilitaka kubisha. Ningebisha nini? Nikaenda kazini nikiwa nimeshonewa viatu kama mtoto wa chekechea. Ghorofa ya pili ukanda ulikuja kwa wakati wake. Nikainama kwa mazoea, nikakuta mishono midogo, imara, ya mtu anayejua kazi yake. Nikasimama. Ukutani kulikuwa na karatasi ya maelekezo ya kuzima moto, nikaisoma mara nne, hadi sehemu ya wapi pa kukutania nje ya jengo. Mluzi wa siku hiyo haukutoka vizuri.

Nilipofika juu Sista alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake.

"Vishimo, ingia. Funga mlango."

Chumba chake ni kidogo. Kuna mzani, pazia la kijani, kitanda kimoja chembamba, na kabati la funguo. Kitabu kilikuwa mezani, kimefunguliwa. Nikakaa nikiwa na furaha ya mbea.

"Umempata yule?"

"Nimempata."

"Najua husemi jina. Lakini ni wa hapa hapa kazini?"

"Wa hapa hapa."

"Nilijua! Na alidanganya kwenye fomu?"

"Kila mstari."

"Sista, watu!"

Alivaa miwani, akaichukua barua yangu, akaisoma kwa sauti. Aliisoma yote, bila haraka, kama anavyowasomea wagonjwa wasiojua kusoma. Alipofika "afya si jambo la kujidai" aliinua macho. Alipofika "bila kubembelezwa" alisimama kabisa.

"Umepiga mstari mara mbili."

"Ili usisahau."

"Sijasahau." Akakigeuza kitabu upande wangu, akaweka kidole.

Jina lilikuwa langu. Hata mwandiko ulikuwa wangu, maana na kitabu siku ile nilikuwa nimemjazia jina, namba akaitia yeye baadaye.

Ningependa kusema kwamba nilifikiria uhai wangu, au mke wangu, au watoto wetu walio mbali. Kitu cha kwanza nilichosema, na Sista yupo hai atashuhudia, ni: "Kwa hiyo kumi na moja ni nani?"

Akamwita Daktari. Daktari alinionea huruma kuliko nilivyostahili. Alivuta kiti, akakaa karibu.

"Mzee, namba hii peke yake si ugonjwa. Kemokini hizi zinapanda kwa mambo mengi. Mafua, kidonda, hata fizi zikivimba."

"Nina jino!" nikasema, nikafungua mdomo.

Akachungulia kwa heshima. "Jino lipo. Lakini damu zako ni za nusu mwaka. Jino gani linavimba nusu mwaka mtu asing'oe?"

"Mimi ni mvumilivu."

Sista alitoa sauti fulani puani.

"Sikuambii kwamba unaumwa," Daktari akasema. "Nakuuliza tu. Ukipanda ngazi unajisikiaje?"

"Vizuri kabisa."

"Basi twende."

Tukashuka wote watatu hadi chini, tukasimama mbele ya tangazo langu, tukaanza kupanda, Sista kulia kwangu na Daktari kushoto, kama mtu anayepelekwa mahakamani. Ngazi za kwanza niliwapigia hadithi ya kuchekesha. Za pili niliiacha hadithi katikati. Tulipofika kwenye kona, ukanda ukajifunga.

Nikatazama viatu. Mafundo yametulia, mishono myeusi imejipanga. Nikatazama karatasi ya kuzima moto. Nilishaijua kwa moyo. Hakukuwa na pengine pa kutazama, ila nyuso zao mbili, na zilikuwa nyuso za watu wasio na haraka yoyote. Kwa mara ya kwanza nikaogopa hasa. Miaka mitatu nilikuwa nimeyaeleza haya kwa watu na chai mkononi; sasa nilikuwa nasikia sehemu ya mwisho ya hadithi ikinijia, ile ya ukuta kupasuka, na nilijua hata rangi yake.

Nikaweka mkono ukutani.

"Hapa," nikasema.

"Hapa nini?" Sista akauliza.

"Hapa ndipo kamba zinapofunguka."

Akainama. "Mbona hazijafunguka?"

"Zimeshonwa."

Nikawaambia yote, ukanda, taya, kuhesabu hadi arobaini, mluzi, miezi minane. Wakanikalisha kwenye ngazi. Sista alinishika kifundo cha mkono na kutazama saa yake, na hakunikaripia hata neno moja, jambo lililonitia hofu kuliko ukanda wenyewe. Machela ikaja. Nikateremshwa kwa lifti hadi chini, nikapita chini ya tangazo langu nikiwa nimelala chali.

Kipimo cha umeme wa moyo, kile nilichoandika kwamba kiko sawa, hakikuwa sawa. Daktari wa moyo aliniingiza wodini papo hapo, na kunipangia kesho yake asubuhi wapitishe mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono hadi moyoni.

Jioni mke wangu alikuja. Alisimama miguuni mwa kitanda, akafungua mkoba wake, akatoa mkasi mdogo wa kukatia nyuzi. Wauguzi walikuwa wameniachia viatu. Walikuwa wamejaribu kunivua wakashindwa, wakaniuliza nani amenifanyia hivi, nikasema ni habari ndefu. Alikaa, akauweka mguu wangu mapajani pake, akakata mshono mmoja mmoja.

"Nilisema nitakufungulia jioni," akasema.

"Ulisema."

"Tangu lini?"

"Miezi minane."

"Mimi nilihesabu saba." Akavuta uzi, akauzungusha kidoleni. "Kwa nini hukusema?"

Nilitafuta jibu la maana. "Nilikuwa najua kila kinachotokea humo ndani. Hatua kwa hatua. Nadhani nilifikiri kujua ni dawa."

Alifungua kiatu cha kwanza, akakivua, akakishika kidogo kana kwamba anakipima uzito.

"Ulinieleza huo utando wako wa ndani hauna mdomo," akasema, "na bado unaita. Wewe unao. Unakula nao, unapigia nao mluzi."

Halafu akalia, na mimi nikalia, na mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani ili asituone.

Kesho yake niliuona mshipa wangu kwenye skrini. Damu ilikuwa inashuka kama mto mweusi, halafu mahali pamoja ikawa uzi. Uzi hasa, wa kushonea. Majirani walikuwa wamekula mpaka wakabakiza upenyo wa kupitisha sindano. Madaktari wakapatanua, wakaweka kibomba cha wavu, na mto ukarudi. Daktari aliponitembelea aliniambia kwamba pale wavu ulipokaa ukuta umekwaruzika na sasa hivi unaita tena, kemokini zile zile, na safari hii tunaziombea zije, kwa sababu ndizo zinazoleta seli za kuponya. "Hatutaki kuunyamazisha ukuta," akasema. "Tunataka tu wageni wajue pa kuishia." Nilimpelekea mke wangu maneno hayo. Akasema aliyeuliza swali ni yeye, na bado hajajibiwa.

Namba zangu tatu zilifutwa kwenye utafiti. Nafasi yangu alipewa mtu mwingine, na safari hii Sista alimpima presha mara tatu na kumlaza kitandani bila kujali foleni. Nilimwomba aniambie tu, kwa faida yangu binafsi, kumi na moja ni nani. Alifunga kabati, akaweka ufunguo mfukoni.

Nimerudi kazini wiki ya sita hii. Navaa vile viatu vya kuchomeka. Daktari wa moyo ameniagiza kutembea na kupanda ngazi polepole, nipumzike katikati hata kama sisikii kitu. Kwa hiyo jana asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za ghorofa ya pili, mchana kweupe, mikono magotini, sifungi wala sifungui chochote, fundi wa mashine akaja akipanda.

"Mzee Vishimo! Kamba tena?" Akatazama miguu yangu, asione kamba.

"Hapana. Napumzika."

"Ah, basi." Akasimama. Akaushusha mfuko wake, akaegemea ukuta, akajifuta shingo. "Na mimi nipumzike kidogo. Mfuko huu mzito."

Akawa anahema. Akaupitisha mkono kifuani, haraka, kama mtu anayefuta makombo, akaugeuza uso kusoma karatasi ya kuzima moto.

Nikaunyanyua ule mfuko. Ulikuwa na bisibisi mbili na kitambaa.

"Unahema hivi tangu lini?" nikamwuliza.

"Nani, mimi? Mzee, ni mfuko tu."

Nikainuka, nikautundika begani kwangu, nikamshika mkono.

"Twende kwa Sista."

"Sasa hivi? Naitwa juu, mashine yenu..."

"Mashine ni nzima," nikamwambia. "Twende."